Baba alianguka mnazini: jibu kwa binti wa Tongoni

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa pili kati ya watoto wanne, na familia yetu inaishi Tongoni. Baba ana miaka 54, na amekuwa mkwezi wa minazi tangu ujana wake. Miezi minne iliyopita alianguka kutoka mnazini, akavunjika pingili ya kumi na moja ya mgongo. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa vyuma, na baada ya wiki sita akaruhusiwa kurudi nyumbani. Karatasi ya ruhusa imeandikwa T11, ASIA A. Hahisi chochote kuanzia chini kidogo ya kitovu, na mkojo unatoka kwa mpira. Mama ndiye anayemhudumia usiku na mchana, na sasa naye analalamika kiuno. Usiku miguu ya baba inaruka yenyewe. Bibi anasema ni dalili ya kupona, ami anasema ni upepo na anataka tumpeleke kwa mtu anayekanda kwa mchanga wa moto. Wiki iliyopita tuliona amechubuka juu kidogo ya makalio. Baba mwenyewe hasemi kitu, anageukia ukutani. Je, atatembea? Na ni kitu gani tunapaswa kufanya ambacho hatukifanyi?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote. Kabla sijaendelea nikusahihishe cheo: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafuata wagonjwa wa mgongo majumbani mwao, Tanga mjini na vijiji vya njia ya Pangani, baada ya hospitali kumaliza sehemu yake. Wengi wao walianguka kutoka minazini kama baba yako. Waliobaki ni wa bodaboda.

Umeuliza kama atatembea, nami sitalizunguka swali hilo. Ndani ya pingili za mgongo hupita ugwe, yaani kamba laini ya mishipa ya fahamu inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha hisia. Vyuma alivyowekewa baba yako vimeishika mifupa isicheze, lakini hakuna chuma kinachounga ugwe. Herufi A katika kipimo kile cha ASIA, yaani cha ukali wa jeraha la ugwe, ambacho huanzia A, jeraha baya kuliko yote, na kuishia E, maana yake ni kwamba siku aliyopimwa hakukuonekana hisia wala nguvu hata katika sehemu ya mwisho kabisa ya ugwe, ile inayohudumia njia ya haja kubwa. Kipimo cha siku za mwanzo, wakati ugwe ungali katika mshtuko, kinaweza kubadilika, na kwa sababu hiyo mtakapokwenda kliniki ombeni apimwe upya, tena ombeni muelezwe matokeo kwa maneno mnayoyaelewa. Ikiwa baada ya miezi hii minne herufi ni ile ile, uwezekano wa kutembea tena kwa miguu yake mwenyewe ni mdogo sana. Nimeandika "mdogo sana" kwa makusudi, kwa sababu kazi hii imenifundisha kutosema "kamwe", na imenifundisha kwa ukali zaidi kutosema "atatembea tu".

Nilipokuwa mgeni katika kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliiambia familia moja kwamba mzee wao atasimama kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa niliwaonea huruma na sikutaka kuwavunja moyo. Waliniamini. Kwa sababu waliniamini, hawakutafuta kiti cha magurudumu, hawakubadilisha kitanda, wala hawakujifunza kumtoa mkojo, kwani mtu anayetazamiwa kusimama mwezi ujao hahitaji vitu hivyo. Mwaka ulipokwisha alikuwa na vidonda vinne na magoti yaliyokunjika yasinyooke tena. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu wa ahadi.

Sasa tazama upande wa pili wa karatasi ile ile. T11 maana yake ni kwamba mikono, mabega, kifua na sehemu kubwa ya misuli ya tumbo ni mizima. Mtu mwenye jeraha la kiwango hicho anaweza kujifunza kujigeuza kitandani, kuvaa mwenyewe, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kujitoa mkojo kwa mkono wake na kukisukuma kiti chake hadi msikitini. Baba yako ana mtaji ambao wagonjwa wangu wa mjini hawana: mtu aliyeishi kwa kupanda vidato vya minazi ana mabega na viganja ambavyo mimi huhitaji miezi kuvijenga kwa wengine. Lakini hayo yote yatawezekana endapo ngozi yake na figo zake zitabaki salama, na hapo ndipo ninapoiona kasoro ya nyumba yenu. Wote mnaiangalia miguu. Bibi anaiangalia, ami anaiangalia, nawe umeniuliza juu yake kwanza. Mchubuko umeutaja karibu na mwisho wa barua, na mimi ndio ulionishtua.

Hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mtu aliyevunjika mgongo na kukatika mawasiliano ya ugwe kwa kawaida hakuishi muda mrefu, na kilichomuua hakikuwa mgongo wenyewe. Walikufa kwa vidonda vilivyooza na kwa maambukizi ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya Wanazi, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa namna hii katika hospitali ya Stoke Mandeville, na hakuwa na dawa ya kuunga ugwe, kama sisi tusivyonayo leo. Alichofanya ni kuamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkojo wao ushughulikiwe kwa usafi mkali, kisha wafanyishwe kazi na michezo. Walianza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa vitini mwao, na michezo hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Olimpiki ya watu wenye ulemavu. Nimekusimulia haya ili utakapomwamsha mdogo wako saa nane za usiku aje kumgeuza baba, usidhani ni kazi ndogo ya kusaidiasaidia. Hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Basi tuanze na mchubuko. Mahali ulipopataja, juu kidogo ya makalio, ni kwenye mfupa wa kitokono, na kidonda cha hapo hutokana na kulala chali. Mimi na wewe tukilala upande mmoja mno, nyama huuma nasi tunajigeuza hata usingizini. Baba yako haumwi, kwa hiyo hageuki, na damu haipiti kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro. Kuanzia leo asilalie kabisa mahali hapo wala asikae kitako hadi pafunge. Alale ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, akiegemezwa kwa mto nyuma ya mgongo ili asilalie nyonga moja kwa moja bali ainamie nyuma kidogo tu. Mto mwingine uwekwe kati ya magoti, na visigino vielee hewani, visiguse godoro. Daktari aliyeweka vyuma akisharuhusu, alale pia kifudifudi, mto chini ya kifua na mwingine chini ya miguu ili vidole visichimbe godoro. Mkao huo huipumzisha kitokono kuliko mwingine wowote na hunyoosha nyonga wakati huo huo.

Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha kifunikwe kwa chachi safi. Msitie spiriti, wala dawa ya kufulia, wala unga wa vidonge vilivyosagwa. Hivyo huua nyama mpya inayojaribu kuota. Msimkalishe juu ya tyubu ya baiskeli au pete yoyote yenye tundu katikati, jambo ambalo nalikuta karibu kila nyumba na ambalo linaonekana la busara, kwa sababu ukingo wa pete huibana ngozi pande zote na kuinyima damu sehemu ile ile iliyo katikati. Wala msipasugue mahali palipobadilika rangi.

Kila asubuhi na kila jioni mkagueni mwili mzima mwangani: kitokono, nyonga, mifupa ya kukalia, vifundo vya miguu, visigino. Vitabu husema tafuteni wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuteni mahali palipozidi weusi au kung'aa, na mguse kwa mgongo wa kiganja kama pana joto au ugumu kuliko jirani yake. Mahali pa namna hiyo pasilaliwe hadi parudi hali yake. Kisha mnunulieni baba yako kioo cha mkononi chenye mpini mrefu, ajitazame mwenyewe. Mgonjwa wangu mmoja wa Mwambani ndiye aliyenionyesha kidonda chake kwa kioo, wakati mimi na mkewe tulikuwa tumekipita, alikuwa amelala ubavu, amekiinua kioo juu ya bega, akasema kwa utulivu kama mtu anayeonyesha nazi iliyooza, "Pale, chini ya kile kikovu."

Kidonda hakifungi kwa chachi peke yake. Kinahitaji chakula cha kujenga mwili, na hapo Tongoni samaki si shida: dagaa, changu, mayai mkipata, kunde na choroko siku ambazo bahari imechafuka. Uji mtupu na chai ya rangi, ambavyo ndivyo mgonjwa hupewa kwa kuhurumiwa, havitoshi.

Hukuniambia analalia nini, nami nadhani ni godoro la sufi juu ya kitanda cha kamba, kwa kuwa ndivyo ninavyovikuta. Kamba hulegea katikati na mwili wote ukamiminikia kwenye kitokono, na sufi hufanya mabonge ambayo mtu mzima huyahisi akayakung'uta, lakini baba yako hayahisi. Wekeni mbao imara juu ya fremu ya kitanda na godoro la sponji nzito lenye unene wa angalau sentimita 15. Shuka livutwe lisiwe na mikunjo. Vishikizo, sarafu, punje za wali, vyote hivyo nimewahi kuvitoa chini ya makalio ya wagonjwa, na kila kimoja kilikuwa kimeacha umbo lake kwenye ngozi.

Mama yako hawezi kumgeuza kila baada ya saa mbili peke yake, usiku mzima, mwezi baada ya mwezi. Kiuno chake kimekwisha kusema. Kama ninyi ni wanne, gawaneni usiku. Zamu ya saa nne na ya saa sita ishikwe na wale wanaochelewa kulala, zamu ya saa nane ndiyo ngumu na izunguke kati yenu, zamu ya saa kumi ishikwe na yule anayeamka mapema kwa swala, na mama apewe usiku mzima wa kulala angalau mara mbili kwa wiki, katika chumba kingine, mlango umefungwa. Ami yako, ambaye ana maoni mengi juu ya mchanga wa moto, naye apewe usiku wake. Ngozi ikishazoea na kidonda kikafunga, muda unaweza kurefushwa kidogo kidogo hadi saa tatu, kisha nne, mradi asubuhi ngozi ikaguliwe na kukutwa salama. Anapogeuzwa asivutwe kwapa wala asiburutwe, kwani msuguano huchubua ngozi kama msasa. Tandikeni shuka imara lililokunjwa mara mbili chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pande mbili, wapige magoti au wainue kwa mapaja yao na si kwa viuno, na yeye mwenyewe awahesabie moja, mbili, tatu. Hilo la kuhesabu nitalirudia.

Juu ya mkojo. Mpira unaokaa ndani muda wote ni njia ya mkato ambayo hospitali hutumia mgonjwa akiwa bado mgeni wa hali yake, na kadiri unavyokaa ndivyo vijidudu vinavyopanda. Kwa mtu mwenye mikono mizima kama baba yako, njia iliyo bora ni mpira mwembamba anaouingiza mwenyewe kila baada ya saa nne hadi sita, mkojo ukatoka wote, kisha akautoa. Ombeni kliniki ya mkojo au ya mgongo imfundishe yeye, na mmoja wenu awe wa akiba. Kila anapojitoa, mkojo usizidi kiasi cha mililita 500. Ukizidi, maana yake anakaa muda mrefu mno au anakunywa kwa mkupuo. Anywe lita mbili hivi kwa siku, zikigawanywa tangu asubuhi na kupunguzwa baada ya magharibi. Nazijua familia zinazomnyima mgonjwa maji ili asilowanishe kitanda, na ninaelewa kwa nini, lakini maji machache huleta mawe na maambukizi.

Kwa sasa, wakati mpira wa kudumu bado upo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote, hata mnapomhamisha. Mpira ubandikwe kwa plasta chini ya tumbo usimvute, kwani ukimvuta kwa wiki kadhaa huchana njia ya mkojo naye asihisi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Ulizeni pia ni mpira wa aina gani: wa latex hubadilishwa kila baada ya wiki chache, wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12. Mkojo ukiwa na ukungu kidogo au harufu bila homa, ongezeni maji na msikimbilie duka la dawa. Mtu mwenye mpira karibu siku zote ana vijidudu kwenye mkojo, na kila dozi isiyo ya lazima huvizoesha dawa, kesho isifanye kazi. Akipata homa, kutetemeka au maumivu ya mgongo wa juu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Haja kubwa inahitaji ratiba, na wewe hukuitaja, nami naelewa: ni vigumu kwa binti kuandika juu ya haja ya baba yake. Matumbo hayajapooza kama miguu. Yana kazi yake, ila yamepoteza amri ya mlango. Chagueni saa moja isiyobadilika, kila siku au siku moja baada ya nyingine, kama nusu saa baada ya chai ya asubuhi, kwani chakula cha moto huamsha utumbo. Mwuguzi atawafundisha kuchochea njia ya haja kwa kidole chenye glavu na mafuta, taratibu, mara chache kwa dakika chache. Mwezi wa kwanza ni wa fujo, kisha mwili unajifunza saa yake, na aibu nyingi ya baba huondoka humo. Kazi hii, mwanangu, isiwe yako ikiwa kaka yako yupo, si kwa sababu wewe huwezi bali kwa sababu ya baba. Na isiwe ya mama peke yake daima, kwa sababu mama ni mkewe kabla hajawa mwuguzi wake. Lengo ni aifanye mwenyewe akiwa amekaa. Choo chenu kikiwa cha shimo, fundi seremala awatengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kizito, kisichoyumba, ukingo wake ukizungushiwa sponji na kushonewa mfuniko wa plastiki unaopanguswa. Viti vyepesi vya plastiki vilivyotobolewa vimewaangusha wengi.

Sasa miguu inayoruka. Bibi amekosea na ami amekosea, ingawa wote wameona kitu cha kweli. Sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha ingali hai. Imekosa tu sauti ya ubongo ya kuituliza, kwa hiyo ikiguswa na chochote, shuka, baridi, kibofu kilichojaa, huamuru misuli ijikunje yenyewe. Si dalili ya kurudi kwa nguvu, wala hakuna aliyekuja kumrusha miguu. Mkiisoma vizuri, miguu hiyo ni mjumbe: ikizidi ghafla kuliko kawaida yake, tafuteni mpira ulioziba, haja iliyokaa siku tatu, kidonda kipya au ukucha uliozama, maana mwili uliokosa maumivu unapiga kelele kwa njia hiyo. Mara mbili kwa siku nyoosheni polepole vifundo, magoti na nyonga zake, kila kimoja hadi kinapogota na kukishikilia kwa hesabu ya 30, bila kulazimisha. Ikiwa kuruka kunamzuia kulala au kukaa, zipo dawa kama baklofeni, ambayo akianza asiache ghafla bila ushauri.

Mchanga wa moto ukataeni, na mnukuu jina langu la kazi ikibidi. Ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua, na nimefunga vidonda vya kuungua vilivyotokana na huruma ya namna hii, vikubwa kuliko hicho cha kitokono. Kwa sababu hiyo hiyo asipakatishwe bakuli la uji mapajani, asikae karibu na jiko la mkaa, na maji ya kumwogesha yapimwe kwa kiwiko cha anayehisi. Chale nazo zisikatwe chini ya kitovu, kwani kila chale ni mlango wa kidonda. Lakini usigombane na ami kwa kila jambo. Dua isomwe, na kombe likiandikwa anywe, mradi maji ni safi. Likiwa bilauri nzima lihesabiwe katika zile lita mbili.

Kuhusu kiti, msipokee chochote kitakachotolewa ilimradi kina magurudumu. Kiti cha kusukumia wagonjwa hospitalini hakikutengenezwa kwa mtu wa kukikalia siku nzima. Upana wake uwe wa nyonga zake pamoja na nafasi ya vidole viwili hivi, pasiwe na zaidi, miguu ikanyage vibao vyake huku mapaja yakilala sawasawa juu ya mto, na mto wenyewe wa kukalia ndio nusu ya thamani ya kiti. Kwa mchanga wa Tongoni magurudumu ya mbele yawe mapana. Anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, waulizeni watu wa fiziotherapia, kisha muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye pia ataeleza mikopo isiyo na riba: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ubao wa kuhamia, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, fundi anautengeneza kwa saa moja: urefu wa sentimita 70 hivi, kingo zimepunguzwa, umepigwa msasa hadi ung'ae. Njia ya kupanda barazani ipimwe kwa kanuni ya moja kwa kumi na mbili, yaani baraza ikiwa juu sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Mifupi kuliko huo humrudisha mtu nyuma akaanguka chali. Akishaanza kukaa, kila nusu saa ainame mbele kifua kielekee magotini, kwa dakika mbili, ili damu ipite.

Nimeacha ukimya wake mwisho, ingawa huenda ndio mzito kuliko yote. Mtu aliyekuwa juu ya minazi ya watu, akiitwa kwa jina kila shamba, sasa anageuzwa, anavuliwa, anazungumziwa kichwani mwake kama hayupo. Barua yako ina maoni ya bibi, ya ami, na shida ya mama. Ya baba hayamo. Huenda hasemi, na huenda pia haulizwi. Ndiyo maana nilisema ahesabu yeye mnapomgeuza, ashike kioo yeye, aipange yeye saa ya haja. Mwambieni ukweli kuhusu miguu, au mwombeni daktari amwambie mbele yenu, kwani kwa uzoefu wangu mgonjwa huwa ameshajua na anawaficha ninyi. Mnazi wenu ukikomaa, ni yeye wa kusema aitwe mkwezi gani na kwa bei gani. Makuti anaweza kuyashona akiwa amekaa, kidonda kikishapona, tena ni kazi ya mkono inayouzwa. Swala anaweza kuiswali akiwa amelala au amekaa, na suala la udhu kwa mtu mwenye mpira lina ruhusa zake ambazo sheikh wenu wa msikitini atamweleza kwa maneno mafupi. Mleteni sheikh huyo nyumbani, kwa sababu wanaume wengi huacha swala kwa kudhani wamekwisha kuwa najisi, na kuacha huko huwaangusha kuliko jeraha. Akikataa kula, akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au akisema ni afadhali angekufa pale chini ya mnazi, msimkemee na msimwache peke yake. Mpelekeni aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, kwani huo ni ugonjwa unaotibika.

Mama na baba wana maswali yao ya ndoa ambayo hawatakuuliza wewe, wala hupaswi kuyauliza. Waachieni nafasi kliniki waingie wawili tu. Yapo mambo yanayoweza kusaidiwa, lakini dawa za nguvu za dukani asinywe bila daktari, hasa kama ana dawa za moyo.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na kuwa na joto, au akikosa pumzi ghafla, au kidonda kikinuka au kikageuka cheusi, au mpira ukiacha kutoa mkojo kwa saa kadhaa, mpelekeni hospitali, msisubiri kuche.

Kesho asubuhi pimeni kidonda kwa rula, urefu na upana, mwandike na rangi yake. Pimeni tena baada ya wiki mbili za kutokilalia, kisha niandikie vipimo vyote viwili. Na barua hiyo, kama atakubali, aisome baba kabla hujaituma, aongeze ya kwake chini.